Kamera ya kopo la maziwa: kwa nini karatasi imebaki nyeupe?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi seremala, nipo Nkuhungu hapa Dodoma. Nimetengeneza kamera kwa kopo la maziwa ya unga, kwa kujifurahisha tu, baada ya mwanangu wa sekondari kunionyesha mchoro kwenye daftari lake la fizikia. Ndani nimepaka rangi nyeusi, nikatoboa tundu ubavuni kwa msumari wa inchi mbili, na upande wa pili nikabandika karatasi ya picha ile ya kung'aa niliyonunua steshenari. Nikaiweka juani saa nzima ikitazama mbuyu ulio mbele ya karakana. Karatasi ikatoka nyeupe pee. Nikapanua tundu, nikaiacha kutwa, bado hamna kitu. Je, lazima ninunue lenzi? Dawa za kusafishia picha nitazipata wapi, na si sumu? Binamu yangu anasema napoteza muda wakati simu ninayo."

Ndugu yangu fundi, hongera kwanza, maana kamera umeshaitengeneza. Kopo lenye giza ndani na tundu moja ubavuni ni kamera kamili, halipungukiwi kitu. Picha ya ule mbuyu ilikuwa inaanguka ndani ya kopo lako muda wote ulipokuwa juani, ikiwa kichwa chini miguu juu. Kilichokosekana ni kitu cha kuipokea, na tundu la kuichora vizuri.

Nianze na karatasi. Hiyo uliyonunua ni ya printa. Ule mng'ao wake ni tabaka la kunyonya wino ili usitapakae, wala halina chochote kinachobadilika kwa mwanga. Ungeiacha humo mwaka mzima ingechakaa na kuwa ya manjano, lakini mbuyu usingeuona. Karatasi ya picha inayohitajika ni nyingine kabisa: juu yake kuna utando wa gelatini wenye chumvi za fedha, na chumvi hizo ndizo hubadilika zikipigwa na mwanga. Huuzwa ikiwa ndani ya mfuko mweusi uliofungwa, mfuko nao ndani ya boksi. Kwa hiyo ukiona karatasi imewekwa wazi kwenye rafu na muuzaji anakuhesabia moja moja mchana kweupe, ujue siyo.

Jambo la pili ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba hata karatasi sahihi, ukiitoa kwenye kopo baada ya nusu dakika, utaikuta nyeupe vile vile. Picha imo lakini imejificha, na dawa ndiyo inayoitoa. Basi usitupe karatasi kwa kuangalia tu.

Sasa tundu, na hapa ndipo penye utamu wa kazi yote. Mwanga husafiri mstari mnyoofu. Kila sehemu ya ule mbuyu, kila jani na kila kovu la gome, hurusha mwanga pande zote. Ukiweka karatasi mbele yake bila kopo, kila sehemu ya karatasi hupokea mwanga wa mbuyu mzima kwa pamoja, ukachanganyika, usione umbo lolote. Tundu kazi yake ni kuchuja. Mwanga wa kilele cha mti unaopita tunduni unaweza kufika chini tu ya karatasi, na wa shina unafika juu tu. Ndiyo maana picha inapinduka. Hakuna kilichougeuza mwanga. Njia zake zimepishana pale kwenye tundu, basi.

Kama karakana yako imeezekwa kwa bati, kamera unayo juu ya kichwa. Tafuta tundu la msumari uliochomoka, saa za mchana, utazame sakafuni. Utaona duara la mwanga. Duara hilo lina umbo la jua lenyewe, hata kama tundu limechanika vibaya na halina umbo la kueleweka. Paa likiwa mita 3 juu na jua likiwa utosini, duara litakuwa na upana wa karibu sentimita 3. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na watu wakamiminika Rujewa kule Mbarali kulitazama likibaki pete, na sisi huku Dodoma tukaliona limemegwa sehemu kubwa, madoa ya aina hiyo yaligeuka hilali sakafuni na chini ya miti. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake Cairo katika karne ya 11, aliandika risala nzima juu ya jambo hilo hilo: umbo la jua lililopatwa linavyojichora kupitia tundu, na linavyoharibika tundu likiwa kubwa.

Sasa utaniuliza: kama tundu la msumari linafaa darini, kwa nini lisifae kwenye kopo? Kwa sababu ya umbali. Kila nukta ya mbuyu hujichora kwenye karatasi kama doa lenye ukubwa wa karibu sawa na tundu. Doa la milimita 2.5 kwenye picha inayoanguka mita 3 kutoka tunduni halionekani, maana picha yenyewe ni kubwa kama ukuta. Doa hilo hilo ndani ya kopo lenye upana wa sentimita 10 linafuta kila kitu, na ukipanua tundu unazidisha ukungu. Lakini usikimbilie kutoboa tundu dogo kupita kiasi, kwa sababu mwanga ukibanwa sana hupinda kwenye kingo na kutawanyika, ukungu ukarudi kwa mlango mwingine. Kati ya pande hizo mbili kuna kipimo cha katikati. Lord Rayleigh wa Uingereza aliandika kuhusu hesabu yake mwaka 1891, na leo wapenzi wa kamera hizi huifanya hivi: chukua umbali kutoka tundu hadi karatasi kwa milimita, zidisha kwa 0.00055, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 1.9. Kwa kopo lako la milimita 100 unapata karibu milimita 0.45. Kwa chumba cha mita 3 unapata karibu 2.4, yaani msumari wako ule ule. Msumari haukuwa na kosa, ila ulitoboa mahali pasipo pake.

Na utazame hesabu inavyosema juu ya ile saa nzima. Kwa tundu la msumari kwenye kopo, karatasi ya kweli ya picha ingehitaji kama sekunde moja tu ya jua la mchana. Saa nzima ingeitoa nyeusi tii.

Kutengeneza tundu jipya usitoboe kopo lenyewe, bati lake ni nene. Kata dirisha la sentimita mbili ubavuni mwa kopo, katikati ya kimo chake, halafu tundu ulifanye kwenye kipande cha kopo la soda. Lile la alumini ni jembamba na laini. Likate kwa mkasi, vaa glavu, kingo zake ni wembe. Laza kipande juu ya kadibodi ngumu, shika sindano nyembamba kabisa ya kushonea, uikandamize wima huku ukiizungusha kwa vidole, mpaka uhisi upande wa chini umevimba kauvimbe kadogo. Usitoboe moja kwa moja. Geuza kipande, chukua msasa laini, namba 600 kwenda juu, usugue kile kivimbe kwa mzunguko bila kukandamiza. Kikishasawazika, rudisha ncha ya sindano, izungushe kidogo, ugeuze tena, usugue. Unarudia hivyo mpaka ukiinua kipande dirishani uone nukta safi ya mwanga, mviringo, isiyo na unywele wa chuma pembeni. Wewe umezoea msasa, mkono wako utalijua hili upesi kuliko wengi. Kupima, kiweke kando ya rula, piga picha kwa simu kwa karibu, kisha ivute picha ulinganishe tundu na milimita moja ya rula. Likiwa chini kidogo ya nusu, limefaa.

Bandika kipande hicho kwa ndani kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, kipake weusi usiong'aa pembeni bila kuziba tundu, na nje weka ulimi wa tepu hiyo hiyo wa kufungua na kufunga. Angalia pia mfuniko: ule wa plastiki hupitisha mwanga. Uvishe tabaka mbili za karatasi nyeusi na tepu pembeni. Jua la Dodoma halihitaji mwaliko, likipata ufa litaingia.

Lenzi? Si lazima, na kwa hatua hii nakushauri usiinunue. Lenzi hukusanya mwanga mwingi zaidi, kwa hiyo picha hupatikana haraka, lakini inadai umbali kamili kati yake na karatasi. Ukikosea kidogo picha imeharibika. Tundu halina masharti hayo. Iwe jani lililo karibu au mlima ulio mbali, vyote hutoka kwa ukali mmoja. Baadaye ukitaka kupanda ngazi, kwa fani yako naona raha tupu: sanduku mbili za plaiwudi, moja ikiteleza ndani ya nyingine, na mbele kioo cha miwani ya kusomea. Miwani ya +4 huhitaji sentimita 25 kwa vitu vya mbali, ya +3 kama 33. William Henry Fox Talbot wa Lacock, Uingereza, ambaye negativu yake (picha ambayo penye mwanga hutoka peusi na penye giza peupe) ya dirisha ya Agosti 1835 ndiyo ya zamani zaidi iliyobaki kati ya zilizopigwa kwa kamera, alitumia visanduku vidogo vya mbao vya namna hiyo, na vingine vinaaminika vilitengenezwa na seremala wa kijijini. Mkewe aliviita mitego ya panya, kwa vile vilikuwa vimezagaa kila mahali.

Tuje kwenye uchaguzi wa kitu cha kupokelea picha. Nitakwambia kwa uwazi jinsi ninavyoupima.

Leo hii, bila kununua kitu, unaweza kuiona picha kwa macho. Funika madirisha ya karakana kwa kadibodi, ziba nyufa kwa matambara, toboa tundu la sentimita moja upande unaotazama barabara yenye jua, na utundike shuka jeupe mkabala wake. Kaa gizani dakika chache macho yazoee. Barabara itatokea kwenye shuka ikiwa juu chini, na rangi zake zote, bodaboda zikipita kwenye dari. Nimesema sentimita moja ingawa hesabu yetu inadai milimita 2.4, kwa sababu macho yanahitaji mwanga wa kutosha. Ukishaona, punguza tundu kidogo kidogo utazame picha ikikaza na kufifia. Muite na mwanao. Somo lake la mwanga atalielewa hapo kuliko kwenye daftari.

Njia ya pili ni kutumia karatasi ya fedha ya nyeusi na nyeupe, pamoja na dawa. Ugumu wake mkubwa ni upatikanaji. Karatasi mpya kwa kawaida huagizwa kutoka nje, si rahisi kuikuta dukani. Kabla ya kuagiza, zungukia studio za siku nyingi hapa mjini ukaulize wazee wa kazi kama wana boksi lililobaki tangu enzi za kusafisha picha kwa mkono. Hata kama tarehe ya kutumika imepita miaka mingi, chukua, mradi mfuko mweusi haujafunguliwa mwangani. Karatasi hii hufanyiwa kazi chini ya taa nyekundu hafifu, tofauti na mkanda wa kawaida wa kamera unaotaka giza totoro. Kujua kama taa yako ni salama, weka sarafu juu ya kipande cha karatasi chini ya taa hiyo kwa dakika tano, kisha kisafishe. Alama ya sarafu ikitokea, taa inaharibu.

Kwa tundu la 0.45 na kopo la sentimita 10, jua kali la saa sita, anza na nusu dakika hadi dakika moja. Wingu likitanda, zidisha mara nne au zaidi. Utakachopata ni negativu: anga jeusi, kivuli cheupe. Ipige picha kwa simu, kisha ugeuze rangi kwenye programu ya kuhariri. Usishangae udongo wetu mwekundu ukitoka mweusi kama lami na anga likawa tupu jeupe. Karatasi hii huona zaidi mwanga wa buluu, wekundu haiujui kabisa, na ndiyo maana taa nyekundu haiidhuru.

Kuhusu dawa: ipo ya kiwandani, na ipo unayoweza kuchanganya mwenyewe kwa kahawa. Hii ya kahawa ilitoka mwaka 1995 katika chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, kwenye darasa la Scott Williams. Nusu lita ya maji, gramu 27 za sodiamu kaboneti kavu, gramu 8 za vitamini C ya unga isiyo na sukari, gramu 20 za kahawa ya kuyeyuka. Kahawa ya bei nafuu ndiyo nzuri. Robusta ina asidi zinazofanya kazi hii kwa wingi kuliko arabika, na Kagera wanalima robusta, kwa hiyo kopo la kahawa kutoka Bukoba linakutosha. Yeyusha kaboneti kwanza, fuata vitamini, malizia kahawa. Karatasi iache humo dakika tatu hadi tano ukiinua na kuitazama. Isuuze kwenye maji yenye siki kidogo, halafu iingie kwenye sodiamu thiosalfeti, ambayo huondoa fedha isiyotumika ili picha isiendelee kuwa nyeusi. Ukiikosa, maji ya chumvi ya jikoni yaliyokolea hadi chumvi igome kuyeyuka yatasaidia ukiilaza humo siku nzima, ila usitegemee idumu sawasawa.

Sumu? Ile ya kahawa haina hatari kubwa, ingawa harufu yake hutaisahau na usiinywe. Hatari yenyewe iko kwenye kukosea chumvi. Sodiamu kaboneti si kostiki soda. Kostiki huunguza ngozi na inaweza kupofusha, na madukani watu huyaita mambo haya kwa majina ya kuchanganya. Usichukue kilichopimwa kwenye mfuko usio na lebo. Bora umwombe mwalimu wa kemia shuleni kwa mwanao akuthibitishie ulichonunua kabla hujakigusa. Vyombo viwe vya kazi hiyo tu, visirudi jikoni, na mabaki ya ile thiosalfeti usimwagie mboga. Dawa yoyote ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo usiweke jicho tunduni kulitazama jua. Picha ya jua itazame sakafuni au kwenye karatasi.

Lakini ningekuwa mimi na kopo lako, ningeanza na njia ya tatu, ambayo haina dawa kabisa. Huitwa solagrafi. Unaweka karatasi ile ile ya fedha, hata iliyozeeka, unafunga kopo imara mahali pake na kuacha tundu wazi wiki nyingi au miezi. Mwanga ni mwingi mno hata picha inajitokeza yenyewe bila dawa, na jua linachora mstari kwa kila siku lilipopita. Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, waliwahi kukuta kwenye kituo chao cha kutazamia nyota kopo la bia lililowekwa mwaka 2012 na kusahaulika hadi 2020; lilikuwa limechora mistari 2,953. Huko Ulaya mistari hiyo hupinda kama upinde. Hapa kwetu, nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, jua hupanda karibu wima. Kwa hiyo elekeza tundu mashariki au magharibi, usilielekeze kaskazini wala kusini. Ukiweka mwishoni mwa Juni, jua linapochomozea mwisho wa kaskazini, ukatoa mwishoni mwa Desemba linapokuwa mwisho wa kusini, mistari itajipanga ubavu kwa ubavu ikifunika upana wote wa safari yake. Tena miezi hiyo mingi ni ya kiangazi, mvua haitakusumbua mpaka karibu na mwisho. Ukitoa karatasi, usiisafishe. Ipitishe kwenye skana mara moja, ihifadhi gizani, kazi imeisha.

Binamu yako yuko sahihi kwamba simu itakupa picha kali zaidi kwa sekunde moja. Lakini wewe uliandika mwenyewe kwamba unafanya kwa kujifurahisha, na hiyo ni sababu inayojitosheleza. Simu haikuonyeshi picha inavyotokea. Kopo linakuonyesha, kwa sababu kila sehemu yake umeipima na kuisugua kwa mkono wako. Mjibu kwa kumkalisha ndani ya karakana yenye giza.

La mwisho ni mahali pa kulifunga. Upepo wetu unajulikana, kwa hiyo kamba peke yake haitoshi: tumia waya na kipande cha ubao nyuma, lisitikisike hata kidogo, na liwe juu kuliko mbuzi wanapofika. Lifunge kwenye nyumba au mti wako. Mji huu una Bunge, ofisi za wizara na reli, na kopo jeusi lenye tepu likionekana limefungwa kwenye nguzo litawatia watu hofu, tena kwa haki. Ukitaka mahali pa umma, nenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa na kopo likiwa wazi mkononi, umwonyeshe ndani hamna kitu zaidi ya karatasi. Kisha uandike ubavuni kwa maki peni: kamera ya picha, tafadhali usifungue hadi Desemba, na namba yako ya simu.